Saa ya Kumzika Mzee Hilal

Mzee Hilal bin Azan alikata roho Jumanne alfajiri, nyumbani kwake Kilindoni, adhana ikiwa bado inaendelea. Binti yake Asmahani alikuwa amemshika mkono. Siku mbili za mwisho mzee hakuwa na sauti, lakini kabla ya hapo alikuwa amelisema jambo lake mara nyingi, mpaka hakuna mtu nyumbani ambaye hakulijua: siku yake ikifika, mwanawe Hafidhi ndiye ashuke kaburini kumpokea.

Hafidhi alikuwa mtoto wake wa pekee wa kiume. Aliondoka Mafia miaka kumi na mmoja iliyopita, kwanza kwenda Maskati kwa wajomba zake, kisha, kwa njia ambayo nyumbani hakuna aliyeielewa vizuri, akaishia New Zealand, katika mji wa Auckland. Huko alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye karakana ya maboti. Kila mwaka alisema atakuja. Mwaka juzi, mama yao Bi Zubeda alipofanyiwa upasuaji, alitaja mpaka tarehe. Wakamtandikia kitanda, wakanunua chandarua kipya, na hakuja.

Asmahani alimpigia saa kumi na mbili asubuhi. Nyuma ya sauti yake zilisikika nyundo na mashine, kama mchana wa kazi. Hafidhi hakulia. Alisema, "Nakuja. Nisubirini," simu ikakatika.

Ami Ally, mdogo wa marehemu, alikuwa ameshafika na kuanza kupanga mambo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu kaka yake alipoanza kuumwa ndiye aliyekuwa akisimamia mashamba ya minazi na nyumba. Asmahani akamfuata barazani.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Umempata?"

"Nimempata. Anasema anakuja, tumsubiri."

"Anafika lini?"

"Hakusema."

Ami Ally akaitazama njia. "Asmahani, maiti haki yake ni kuharakishwa. Wasia wa kaka naujua, na ningependa utimie. Basi wewe nipe saa. Ukinipa saa, nitasubiri. Bila saa, tunazika leo alasiri."

Asmahani alikuwa na duka la steshenari karibu na soko. Alichapa barua za watu, akawajazia fomu za vyuo na za hati za kusafiria, na kwa sababu hiyo ukoo mzima uliamini kuwa lolote lililomo kwenye kompyuta yeye analijua. Lakini ndege aliyowahi kuipanda ni ile ndogo ya kwenda Dar es Salaam tu, ambayo ukishafunga mkanda na kutazama bahari mara mbili tatu umeshafika. Auckland hakujua hata iko upande gani wa nyumba yao.

Wakati huo aliingia mwalimu Godlove kutoa pole. Alikuwa kijana wa Njombe, mwalimu wa jiografia, na alipanga vyumba vya nyuma vya Mzee Hilal mwaka wa nne sasa. Mzee alikuwa akimwita kila Ijumaa kula pilau. Macho yake yalikuwa mekundu. Asmahani akamvuta pembeni, akamweleza.

"Hilo halina shida, dada," alisema Godlove. Aliona amepata jambo la kumfanyia marehemu. Akatoa simu, akafungua ukurasa ambao ukiandika viwanja viwili vya ndege unakupa umbali na muda. Akaandika Auckland, akaandika Dar es Salaam. Ramani ikatokea, na mstari mwekundu ukakatiza bahari kutoka mwisho mmoja wa dunia hadi mwingine.

"Kilomita elfu kumi na tatu na mia tatu na kidogo," akasoma. "Saa kumi na tano na dakika arobaini."

Wakaenda pamoja kwa ami Ally.

"Saa kumi na tano ndiyo saa ngapi?" akauliza ami Ally. "Mimi saa ninazozijua zinaishia kumi na mbili."

"Namaanisha muda wa kukaa angani, mzee. Masaa kumi na tano na dakika arobaini. Akiondoka sasa hivi, anafika Dar leo saa nne za usiku."

"Na hapa?"

Asmahani akampigia Victoria, aliyekuwa akikata tiketi za ndege ndogo pale kiwanjani Kilindoni. Victoria akasema usiku ndege haziji. Ya kwanza inatoka Dar saa moja na nusu asubuhi, ya mwisho saa kumi kasorobo jioni, na njiani ni nusu saa na dakika chache.

"Basi kesho asubuhi," alisema ami Ally. "Tutazika kesho saa nne asubuhi."

Ulikuwa mwezi wa saba, kipupwe, na upepo wa baridi ulikuwa ukipita nyumbani. Hata hivyo ami Ally akaagiza barafu kwa wanunuzi wa samaki. Yakaja mabeseni manne, yakapangwa chini ya kitanda alicholazwa mzee, na feni mbili zikawashwa. Habari ikapelekwa kwa jamaa wa Ndagoni, na kwa jamaa wa Bweni kule ncha ya kaskazini: kesho saa nne.

Saa tatu asubuhi Hafidhi akapiga tena. Mtandao ulikuwa unakwenda na kurudi.

"Nimepata ndege," alisema. "Naondoka saa tatu usiku. Napitia Doha, halafu..." Kilichofuata kilikuwa mikwaruzo tu. Kisha ukaja ujumbe wenye picha ya tiketi, lakini picha yenyewe ikabaki ukungu wa kijivu na kiduara kinachozunguka. Asmahani aliigusa mara nyingi, akatoka nje, akapanda ngazi za nyumba ya jirani, ukungu ukabaki ukungu.

Kumbe haondoki sasa hivi. Anaondoka saa tatu usiku. Asmahani akachukua kalamu, akaanza hesabu upya nyuma ya karatasi ya risala. Saa tatu usiku, ongeza masaa kumi na tano na dakika arobaini: kesho saa sita na dakika arobaini mchana, Dar. Doha aliihesabu kama kituo cha njiani, kama gari linavyosimama Kirongwe kuteremsha abiria na kuendelea. Ndege ndogo ya mchana ingemleta Mafia saa tisa, au saa kumi kwa kuchelewa.

Akampelekea ami Ally.

"Asubuhi ulisema kesho asubuhi."

"Nilidhani anaondoka wakati ule ule, ami. Kumbe ni usiku."

Ami Ally akafikiri. "Alasiri, basi. Kesho saa kumi." Akaanza kupiga simu upya. Mtu wa Bweni alipokea akiwa shambani, akarudia mara mbili ili asikosee: saa kumi alasiri, saa kumi alasiri.

Saa saba mchana Asmahani akampigia kaka yake amuulize kama anahitaji mtu wa kumpokea Dar. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena baada ya dakika kumi, na tena. Wanawake waliokuwa jikoni na masufuria ya wali wa wageni walimwona akiingia na kutoka. Shamsa, binamu yao, akauliza kuna nini, na Asmahani akajibu bila kufikiri kwamba simu ya Hafidhi haipatikani.

"Mtu anasafiri saa tatu usiku, simu anazima saa saba mchana?" alisema Shamsa. Hakusema kwa ubaya, lakini neno lilitoka jikoni likafika barazani kabla ya Asmahani mwenyewe.

Ami Ally alikuwa akimngoja. "Na mwaka juzi alitaja tarehe," alisema.

"Safari hii ni baba, ami."

"Mwaka juzi alikuwa mama."

Asmahani alirudi ndani akakaa kando ya mama yake. Bi Zubeda alikuwa na tasbihi mkononi. Asmahani alijaribu kukumbuka sauti ya kaka yake asubuhi ile: ilikuwa sauti ya mtu anayekuja, au ya mtu anayetaka tu kuikata simu? Alikuwa haijui tena sauti ile vya kutosha.

Godlove alirudi kutoka shuleni saa nane. Hakuvua hata viatu. Asmahani alimkuta kwenye ngazi akamweleza. Mwalimu akasimama akimtazama, kisha akajipiga paji la uso kwa kiganja.

"Dada, saa tatu usiku ya kwao si ya kwetu. Jua linawatokea wao kwanza. Wametutangulia masaa tisa."

"Tisa?"

"Saa tatu yao ya usiku ni saa sita yetu ya mchana. Ameshaondoka. Yuko angani tangu saa sita. Ndiyo maana simu haipatikani."

Basi Hafidhi hakuwa amewadanganya. Yuko angani. Wakapiga hesabu pamoja, mwalimu akitaja na yeye akiandika: saa sita mchana, ongeza kumi na tano na dakika arobaini. Saa tisa na dakika arobaini usiku wa kuamkia Jumatano. Atakuwa Dar kabla hakujapambazuka, apande ndege ya kwanza, na saa mbili na robo awe Kilindoni.

Ami Ally alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo alasiri imerudi kuwa asubuhi."

"Ndiyo, ami."

"Na hii ndiyo ya kweli?"

Asmahani akamtazama Godlove, Godlove akaitikia kwa kichwa.

"Kesho saa nne asubuhi, basi, kama tulivyosema mwanzo," alisema ami Ally, akaichukua simu yake kwa mara ya tatu. Watu wa Ndagoni walipatikana. Wa Bweni hawakupatikana. Akatuma ujumbe, akamwomba mwenye pikipiki aliyekuwa akielekea Kirongwe aufikishe mbele kwa mtu mwingine.

Alfajiri ya Jumatano Asmahani aliswali na simu kando ya mswala. Saa kumi ilipita, na Hafidhi hakupiga kutoka Dar. Saa kumi na moja ikapita. Ilipokaribia kumi na mbili simu ikaita, namba isiyojulikana.

"Umefika Dar?" akauliza kabla ya salamu.

"Dar?" Sauti ya Hafidhi ilikuwa nzito, ya mtu aliyeamshwa. "Niko Doha. Ndiyo kwanza nimeshuka."

"Doha? Si uliondoka jana saa sita?"

"Niliondoka saa tatu usiku. Sijui jana au leo. Tumekaa angani masaa kumi na saba na nusu, Asmahani, na bado sijafika."

"Mwalimu alisema kumi na tano mpaka Dar."

"Mwalimu gani?"

Asmahani aliliruka swali hilo. "Dar unafika saa ngapi?"

"Saa nane na nusu mchana. Iko kwenye tiketi, si nilikutumia? Ndege inaondoka hapa saa mbili na nusu." Kisha akauliza polepole, "Mnanisubiri?"

"Nitakupigia sasa hivi," alisema Asmahani.

Alimkuta ami Ally anatoka msikitini. Alimweleza akiwa amesimama njiani, huku akihisi maneno yake mwenyewe yanamponyoka. Saa nane na nusu Dar, ndege ya mwisho saa kumi kasorobo, hapa saa kumi na dakika ishirini. Turudishe alasiri, ami. Ile ile alasiri ya jana.

Ami Ally hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Tangu jana umenipa saa tatu tofauti," alisema. "Kila moja nimeifuata. Hii ni ya nne. Sisemi unadanganya. Lakini akishuka Dar saa nane na nusu, kuna foleni ya pasi, kuna mizigo, kuna kwenda jengo lingine. Ndege ya mwisho ikimwacha, ni kesho. Kaka leo ni siku ya pili. Barafu ya leo nimeikosa, maboti ya samaki yameikomba yote. Unaweza kuniapia kwamba atafika?"

Jana mchana Asmahani angeapa. Jana mchana aliyaamini yote aliyoyasema.

"Siwezi, ami."

Wakaingia kwa Bi Zubeda. Ami Ally alikaa kwenye mkeka, akamweleza shemeji yake yote, bila kumlaumu mtu. Bi Zubeda alizungusha punje chache za tasbihi. "Saa nne ni mapema mno kwa mtu aliye njiani," alisema mwishowe. "Lakini msimweke mpaka jioni. Mswalieni adhuhuri, mumpeleke."

Ami Ally mwenyewe ndiye aliyepiga simu Doha, Asmahani akiwa ameinama kusikiliza.

"Hafidhi, mwanangu. Tutamzika baada ya adhuhuri. Tuwie radhi."

Kule kulisikika tangazo la mwanamke kwa Kiarabu, likafuatiwa na Kiingereza. Hafidhi alingoja mpaka tangazo likaisha.

"Adhuhuri ya wapi, ami?"

"Ya hapa. Ya Mafia."

"Sawa," alisema Hafidhi. Halafu tena, "Sawa," na hakuna aliyejua kama ameelewa.

Godlove alikuja saa moja, simu mkononi, uso umemshuka. Alikuwa amekaa na ramani tangu alipoambiwa. Akamwonyesha Asmahani ule mstari mwekundu: ulipita kusini kabisa, juu ya maji matupu. "Hakuna ndege inayopita hapa," alisema. "Huu ni umbali tu, kama mtu avute kamba kutoka kiwanja hiki mpaka kile. Ndege yake imezunguka kaskazini mpaka Arabuni, na huko inangojewa nyingine, kisha inarudi kusini. Nilipaswa kuuliza anapita wapi. Nisamehe, dada."

"Alisema Doha," Asmahani alimjibu. "Mimi nilisikia. Nilidhani iko njiani."

Wanaume walitoka na jeneza baada ya swala. Asmahani alibaki uani na wanawake, na ndipo, akiwa ameshika sahani ambayo hakujua kwa nini ameishika, akaiona hesabu yote. Ile alasiri ya jana, aliyoipata kwa kukosea saa ya kuondoka na kukosea urefu wa safari, ndiyo iliyokuwa karibu na kweli. Makosa mawili yalikuwa yamefutana. Kisha wakasahihisha moja wakaacha la pili, na usahihi ule ndio uliomfanya kaka yake achelewe. Alitaka kumweleza Shamsa, akaanza, akaona uso wa Shamsa haufuati, naye mwenyewe katikati ya maelezo akapoteza mahali alipoanzia.

Mzee Hilal aliwekwa kaburini saa saba na nusu. Aliyeshuka kumpokea alikuwa ami Ally.

Saa kumi na dakika ishirini ile ndege ndogo ikatua. Asmahani alikuwa kwenye uzio wa kiwanja na Victoria, aliyekuwa amepiga simu Dar na kuthibitishiwa kwamba jina la Hafidhi limo kwenye orodha ya abiria. Walishuka wazungu wanne na mabegi ya kuzamia, akashuka daktari wa hospitali, na nyuma yao mtu mnene kidogo, mwenye mvi pembeni, aliyevaa koti zito la baridi. Asmahani alimtambua kwa mwendo. Walikumbatiana. Koti lilinuka ndege na kahawa.

Ami Ally alikuwa amesimama nje, kanzu yake ina udongo kwenye pindo.

"Mimi ndiye niliyeamua," alimwambia Hafidhi. "Dada yako alikupigania mpaka mwisho. Kama una neno, niambie mimi."

"Sina neno, ami. Nipeleke."

Walikwenda kwa miguu. Walipokaribia makaburi wakaona pikipiki mbili zimeegeshwa, vumbi mpaka kwenye taa. Wanaume watatu walikuwa wamesimama kando ya udongo mpya, wawili vijana na mmoja mtu mzima mwenye bakora, Azan wa Bweni, aliyecheza na Mzee Hilal utotoni na aliyekuwa na jina moja na baba wa marehemu. Alipomwona ami Ally alimgeukia kwa mshangao uliokuwa karibu na hasira.

"Ally, umetuambia saa kumi. Tumefika saa kumi kasoro dakika tano, tunakuta kaburi limefunikwa."

"Nilituma ujumbe, ndugu yangu. Mara ya tatu."

"Haukutufikia. Sisi tuna saa kumi alasiri. Huyu kijana aliirudia mara mbili kwenye simu."

Ami Ally alifungua mikono. Asmahani, aliyebaki ukingoni mwa barabara, alitamani ardhi immeze. Lakini Azan alikuwa ameshamgeukia mtu mwenye koti.

"Na huyu?"

"Hafidhi," alisema ami Ally. "Ndiyo kwanza anashuka kwenye ndege."

Azan alimtazama kuanzia viatu mpaka mvi. "Na wewe hukumswalia."

"Hapana, babu. Sikuwahi."

"Sisi pia. Basi tuko wanne." Akawapanga wale vijana kwa bakora, mmoja kulia mmoja kushoto, akasimama kati yao, akamwashiria Hafidhi mbele. "Wewe ni mwanawe. Tuswalishe."

Hafidhi alisitasita. Alivua koti, hakujua aliweke wapi, ami Ally akalipokea. Akauliza kibla kiko upande gani. Kwenye makaburi ya babu zake aliuliza kibla, na hakuna aliyemcheka. Azan alinyoosha bakora tu. Kisha Hafidhi akapiga takbira. Akapiga ya pili, na ya tatu, kwa sauti. Asmahani aliiitikia kimoyomoyo kutoka barabarani, na akaijua: ilikuwa sauti ile ile ya jana asubuhi.

Alhamisi Hafidhi aliamka kabla ya kila mtu, au labda hakulala. Yeye mwenyewe hakuweza kusema. Baada ya uji walikaa barazani, yeye na dada yake. Ndani Bi Zubeda alikuwa amezungukwa na majirani.

"Mlimweka saa ngapi hasa?" akauliza.

"Ami anasema saa saba na nusu."

Akafikiri. "Kwenye ndege ya Doha kuja Dar, kuna wakati nilitazama nje nikaona pwani. Mchanga, hakuna mti. Nikajiambia, adhuhuri imeshafika huko, au imeshapita, au bado, sijui. Nikasoma Yasini yote niliyoikumbuka, nikamwombea pale pale. Nilitazama saa ya mkononi. Ilikuwa saa nne na nusu."

"Saa nne na nusu asubuhi? Basi alikuwa bado yuko ndani."

"Kama saa nilikuwa nimeibadilisha Doha, ndiyo. Doha na hapa ni sawa. Lakini kama sikuibadilisha, ilikuwa bado ya Auckland. Saa nne na nusu ya usiku."

Asmahani alitoa tisa kwenye vidole. Akarudia. Saa nne na nusu ya usiku ya kule ilikuwa saa saba na nusu mchana ya hapa.

"Uliibadilisha?"

"Sikumbuki." Alikunja mkono wa shati akaitazama saa. Ilikuwa sahihi, ya Mafia. Jana jioni msikitini alikuwa ameiona inatofautiana na ya ukutani, akaizungusha bila kuangalia imetofautiana kwa dakika au kwa masaa. "Nakumbuka niliishika pale Doha, nikisubiri. Sikumbuki kama niliigeuza au niliishika tu."

"Pwani yenyewe ilikuwa ya wapi?"

"Kama ni asubuhi, Yemeni au Omani. Kama ni mchana, Somalia. Mchanga ni mchanga."

Godlove alipita akienda shuleni, akawaamkia. Asmahani alimwita, akamweleza, akamwomba asitafute kwenye simu ila afikirie tu. Mwalimu alikaa kwenye ukingo wa baraza, begi la madaftari mapajani. Akauliza chakula kililetwa kabla au baada, jua lilikuwa upande gani wa dirisha, alikuwa amekaa kushoto au kulia. Hafidhi alijibu kila swali, na majibu mengine yaligongana na mengine. Mwishowe Godlove alitikisa kichwa.

"Siwezi kusema, kaka. Nikisema nitakuwa nabahatisha, na nimeshabahatisha vya kutosha katika nyumba hii."

Hafidhi alimshika bega. "Haya, mwalimu. Wahi shule."

Watu wa kisomo walikuwa wameanza kuingia mlangoni, mmoja mmoja, wakivua viatu. Ami Ally akamwita Hafidhi aje akae karibu na mlango apokee mikono ya watu. Hafidhi akainuka. Asmahani aliingia ndani kuongeza vikombe, na alipotoka na sinia alimkuta kaka yake ameshikana mkono na mzee wa Ndagoni, anaulizwa safari ilikuwa ya muda gani, naye anajaribu kujibu.